Gitel Kuku na Gitel Mtu

Gitel Pomerantz alijiona kwenye televisheni kwa mara ya kwanza akiwa amelala chali kwa daktari wa meno, mdomo wazi, ganzi imempanda mpaka sikioni. Daktari yule alikuwa ametundika televisheni darini ili wagonjwa wake wawe na kitu cha kutazama zaidi ya mikono yake. Nyumbani kwa Gitel hakukuwa na televisheni. Tangu aolewe na Velvel, Mungu amrehemu, hawakuwahi kuiingiza ndani, na Velvel alipofariki mkewe hakuona sababu ya kukaribisha mgeni asiyejua kunyamaza. Kwa hiyo alikuwa amekodoa macho darini kama mtu aliyeletwa mjini jana, ndipo akamwona kuku.

Alikuwa mtetea mnene, mweupe, amejifunga kitambaa kichwani kama Gitel anavyojifunga, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo kama ya Gitel. Kifaranga wake mmoja alikuwa anaelekea chooni. Kuku akamfungia chakula cha njiani. Daktari wa meno akacheka mpaka chombo kikatikisika mdomoni mwa mgonjwa. Halafu kuku akanyanyua simu, akampigia mwanawe mkubwa, akasema, "Sikupigii nikusumbue. Nakupigia nikwambie kwamba sikusumbui."

Gitel akashika mikono ya kiti. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema yeye, jikoni kwake, pale Midwood, Brooklyn, akimwambia mwanawe wa pekee Anshel, na hakukuwa na mtu mwingine kwenye ile simu. Anshel alikuwa Los Angeles, kazi yake kutunga na kuchora katuni za ndege wanaokaa ghorofa moja na kugombana. Hilo mama yake alilijua. Kwamba ndege mmojawapo ni yeye, hilo hakuambiwa.

Na bado angeweza kustahimili. Alimzaa mtoto aliyeigiza mwendo wa rabi akiwa hata meno hayajatimia. Alijua zamu yake itafika. Lakini dirishani akatokeza jogoo, jirani wa yule kuku, akauliza kwa sauti kubwa, "Gitel, mbona supu yako leo inanuka kama shangazi yangu?"

Na yule kuku akaitika.

Pale kwenye kiti Gitel akahisi baridi ambayo haikuwa ya ganzi. Kwa watu wake, Wayahudi waliotoka Poland na Lithuania na pande zile, jina la mtu aliye hai halipewi mwingine. Linangoja. Mwenyewe akishalazwa kaburini, hapo ndipo mjukuu hupewa, ili jina lirudi mezani. Kumpa mtoto jina la bibi yake anayepumua ni kama kumwambia bibi kwamba kiti chake kimeshapata mtu. Na kuna hofu nyingine ambayo wanawake wa kwao hawaisemi kwa sauti. Malaika wa Mauti hutumwa kwa jina. Akifika mahali akakuta Gitel wawili, hana muda wa kuuliza yupi.

Jioni ile ile Anshel akapiga simu, ana furaha kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Akasema kipindi chao kimeanza, aende kwa jirani yake Raizel akakione, kuna kitu humo kwa ajili yake. Gitel alitaka kumwuliza, Anshel, umenizika? Lakini mdomo ulikuwa bado umelala upande mmoja. Kilichotoka kilikuwa kitu kama ng'ombe anayeota, na mate kidogo. Akaona aibu, akaweka simu chini. Anshel akapiga tena. Hakupokea.

Kesho yake mdomo ulikuwa mzima, ila hasira nayo ilikuwa imeshapata pa kukaa. Na kunyamaza, jambo ambalo Gitel hakuwahi kulijaribu maishani, kumbe kulikuwa na nguvu zake. Hapo nyuma aliongea miaka mingi na mtoto akahamia Los Angeles. Sasa amenyamaza siku chache na mtoto anapiga simu asubuhi na jioni.

Ndivyo ilivyoanza. Baadaye haikuwa na utamu tena, ila alishindwa kutoka.

Kisa chenyewe hakumwambia mtu. Kukitaja kifo chako ni kukiita, na yeye hakuwa na haraka. Kwa hiyo mtaa mzima ukaamini Bi Pomerantz amekasirika kwa sababu mwanawe anamcheka mbele ya Amerika yote. Anshel naye akaamini hivyo hivyo. Akatuma maua. Akatuma salamu za msamaha kupitia kwa Raizel. Kila mwaka, jioni ya kuingia Siku ya Upatanisho, Wayahudi wanapotafutana kuombana radhi, simu ya ukutani kwa Gitel ililia mpaka ikachoka. Halafu yeye akaenda sinagogi, akapiga kifua kwa kila dhambi iliyotajwa, ila walipofika kwenye ya ugumu wa moyo ngumi yake ikashuka polepole, kama mtu anayebisha mlango akiomba usifunguliwe. Mwaka mmoja Anshel alioa, huko Seattle, kwa watu wa bibi harusi. Gitel alituma kitambaa cha meza bila neno. Siku ya harusi yenyewe alisugua jiko ambalo lilikuwa safi.

Kipindi hakukikosa lakini. Kila Jumapili jioni alishuka ghorofa moja kwa Raizel akiwa ameshika bakuli. Raizel alikuwa mjane kama yeye, mwenye televisheni kubwa na roho isiyoficha kitu.

"Kaa basi, shoga."

"Sikai. Nimekuja kukurudishia bakuli lako."

"Hilo bakuli ni lako. Hata Jumapili iliyopita lilikuwa lako."

Gitel alibaki amesimama, kwa sababu kukaa kungekuwa kutazama. Akasimama hivyo mpaka mwisho wa kipindi, bakuli kifuani. Alimwona Gitel kuku akitenga vyombo vya mahindi na vyombo vya minyoo, kama Wayahudi wanavyotenga vya nyama na vya maziwa, kila kimoja kabati lake, na vifaranga wakila mnyoo lazima wangoje kutwa ndipo waguse punje. Siku moja mnyoo alipita tu karibu na kijiko cha mahindi, hata hakukigusa, ila kuku akasema kimeonana naye, akakitupa. Gitel alicheka ndani ya leso mpaka ikabidi ajifanye anakohoa.

Taabu ilianza pale Anshel alipojaribu kutengeneza. Kwa kuwa alidhani utani ndio uliomuumiza mama, akaanza kumlainisha yule kuku. Akawa anasema asante. Akawa anawaambia vifaranga wafuate mioyo yao. Jumapili moja kifaranga mdogo akatangaza kwamba anaenda kuishi na bata, na mama yake akamjibu kuwa kama amefurahi, naye amefurahi.

Gitel akageuka kumtazama Raizel. "Huyu kuku ana homa?"

"Kawa mstaarabu tu."

"Mstaarabu? Mtoto anaenda kwa mabata, hata haulizi hao mabata wanakula nini?"

Raizel akapunguza sauti ya televisheni. "Gitel, naomba unisaidie. Umekasirika kwamba yule ni wewe, au umekasirika kwamba siyo wewe?"

Gitel alichukua bakuli lake akaondoka. Hakusema ni la nani.

Mambo yalikaa hivyo mpaka mwaka mmoja, katikati ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi na Siku ya Upatanisho. Ilikuwa Ijumaa. Gitel alikuwa anasuka mkate wa Sabato, unga mpaka viwiko, simu ikalia. Alijua ni mchinjaji anayeuliza habari ya kuku wake, akaiangusha toka ukutani kwa kiwiko na kuibana kwa bega.

"Mnene kidogo," akasema, "ila asiwe mzee."

Upande wa pili sauti ya mwanamke kijana ikasema, "Mama, usikate. Mimi ni Luna. Mke wa Anshel."

Mikono ilikuwa kwenye unga. Hata angetaka kukata, asingeweza bila kuchafua simu. Huo ndio udhuru aliojipa.

Luna aliongea haraka kama mtu anayeogopa laini itakatika. Akasema ana mimba, ni ya mtoto wa kike, na atazaliwa Sikukuu ya Vibanda ikiisha, Mungu akipenda. Anshel hajui kwamba amepiga simu. Wamegombana wiki nzima juu ya jina la mtoto, na yeye ameona bora aulize penyewe. Kwao, Wayahudi wa Seattle ambao mababu zao walitoka kisiwa cha Rhodes, binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba.

"Ni haki yako, Mama. Hatuwezi kukunyima. Mimi nataka aitwe Gitel."

Gitel akatafuta kiti kwa mguu, akakikalia.

"Msinizike bado," akasema.

Yalikuwa maneno ya kwanza kuyatoa juu ya jambo hilo tangu ile ganzi, na yalitoka safi kabisa.

"Nani anakuzika?" Luna akashangaa kweli. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe amepewa jina la bibi yake, Luna mkubwa, ambaye ndiye aliyembeba siku ya kupewa jina, na yuko hai mpaka leo, kapita tisini, anacheza karata na kuiba. Kwao mama akiwa hai halafu usimpe mtoto jina lake, watu wanaulizana mama huyo amekosa nini. Bibi Luna ameshaanza kuuliza. "Anshel anasema kwenu ni mwiko. Kila nikimwambia anasema mwiko, mwiko. Nikadhani labda hataki tu kwa sababu hamsemezani."

Hapo Gitel akanyanyuka tena. "Kumbe anajua kuwa ni mwiko."

"Anajua."

"Basi yule kuku?"

"Kuku gani?"

"Luna. Yule kuku."

Luna akasema kuku alikuwa kosa lake. Siku zile alikuwa bado si mke, alikuwa anapaka rangi kwenye kipindi hicho hicho, meza ya pili kutoka kwa Anshel. Anshel alitaka kuku aitwe Doris. Yeye akamwambia aibu, kila kitu cha huyu kuku umekichukua kwa mama yako, kitambaa, miwani, maneno, halafu heshima umpe Doris? Anshel akasema kwao mtoto hapewi jina la aliye hai. "Nikamwambia kuku siyo mtoto. Akafikiri, akasema kweli, kuku siyo mtoto. Alifurahi sana, Mama. Alisema utacheka mpaka utalia."

Gitel alikata simu kwa adabu, akimwambia mkwewe kwamba Sabato inakaribia, atamwuliza rabi, na alale kwa ubavu wa kushoto. Mkate wa wiki hiyo ulitoka umepinda. Sabato nzima alikaa na jambo hilo tumboni. Miaka yote alidhani mwanawe amemhesabu na wafu, kumbe walikuwa wanamwekea kiti cha mbele. Wamemheshimu kwa desturi ya watu wengine, naye akahukumu kwa desturi ya kwao. Na hasira, ikishakosa sababu, haiondoki siku hiyo hiyo. Inazungukazunguka nyumbani kama mgeni aliyekwisha kuaga.

Lakini hofu ilibaki pale pale. Kuku ni kuku. Mtoto mchanga mwenye jina lake, tena wa damu yake, huyo Malaika hawezi kumkosa. Akisema hapana, binti wa watu ataelewa kwamba bibi amemkataa mjukuu kabla hajazaliwa, na Anshel hatapiga simu tena, hata jioni ya Upatanisho. Akisema ndiyo, hatapata usingizi, na mtu wa umri wake akikosa usingizi anaweza kufa kwa hilo tu.

Jumapili asubuhi alikwenda kwa Rabi Teichman, kwenye kile chumba chake nyuma ya sinagogi ambamo vitabu vilikuwa vimekalia viti vyote. Rabi alihamisha vitabu akampa kiti. Gitel akaanza kwa mbali. Akasema, huenda Rabi hajui, kuna kuku fulani kwenye televisheni.

"Sina televisheni, Bi Pomerantz."

"Wala mimi. Ni mtetea, ana vifaranga wawili."

"Watatu," Rabi akasema, kisha akaanza kutafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo.

Gitel alimpa muda akitafute. Halafu akamweleza yote, jina, ganzi, kimya, Luna, kisiwa cha Rhodes, bibi anayeiba karata. Rabi alisikiliza akichezea ndevu. Akasema kwamba jambo hili si amri ya Torati, ni desturi, ila desturi ya watu haitupwi kama maji ya vyombo. Wale wa Luna nao wana desturi yao, nayo ni nzuri, na mbingu ni moja. Akasema angeweza kumwambia asiogope, lakini amekaa na wajane miaka mingi na hajaona hata mmoja aliyeacha kuogopa kwa kuambiwa.

"Ugumu wote," akasema, "ni kwamba Gitel yupo. Gitel angekuwa amefariki, swali lisingekuwepo."

"Rabi."

"Nasema kwa upande wa desturi tu, Bi Pomerantz. Uishi mpaka mia na ishirini."

Gitel alimshukuru akatoka. Alikuwa na uchungu kidogo. Hakuvuka mitaa yote ile kwa miguu ili aambiwe tatizo ni uhai wake.

Njiani kurudi alipita kwa mchinjaji, na pale uani palikuwa pamejaa watu, kwa sababu zilikuwa siku za kafara. Matenga ya kuku yalipangwa mpaka ukutani. Mwanamume humchukua jogoo, mwanamke humchukua mtetea, anamzungusha juu ya kichwa mara tatu akisema: huyu ni badala yangu, huyu ni fidia yangu, huyu ni kafara yangu, kuku huyu ataelekea kwenye mauti na mimi nitaelekea kwenye maisha marefu mema na amani. Kisha kuku anachinjwa na kupelekwa kwa maskini. Gitel siku hizi alitoa sadaka tu akamaliza, mabega hayakumruhusu kunyanyua kuku. Ila alisimama akatazama. Mama mmoja kijana alikuwa anamzungushia binti yake mtetea mweupe, mtoto analia, kuku analia, mama anasoma kwa sauti ya juu ili awazidi wote wawili.

Huyu ni badala yangu, mama akasoma.

Gitel akaondoka pale karibu akimbie. Raizel alikuwa kwenye ngazi anatoa takataka, akamwuliza kuna nini, hakujibu. Aliingia jikoni na koti lake mwilini, akapiga namba aliyoijua kwa kichwa ingawa hakuwahi kuipiga.

"Mama?" Sauti ya Anshel ilikuwa na usingizi, kisha ikaamka yote. "Mama, nani kafa?"

"Bado. Ndiyo maana nakupigia. Nataka umuue kuku."

Gitel alimsikia Anshel akivuta kiti. Baadaye akaanza kwa upole wa kuchosha, akisema anajua alimkosea, utani ule haukuwa na adabu, amejaribu kumrekebisha yule kuku.

"Umemharibu," Gitel akasema. "Utani ulikuwa mzuri. Kile kijiko kilichoonana na mnyoo, nilikaribia kupasuka. Mimi sikukasirikia utani."

"Sasa ni nini?"

Akamwambia. Ilikuwa vigumu kuliko alivyofikiri, kwa kuwa ilibidi alitaje neno lenyewe, naye alilitaja huku ameshika mbao ya meza, kinga ya wanaotaja kifo. Kwamba alimsikia jogoo akiita jina lake na akaona mwanawe ameshampanga na wafu. Kwamba hakuweza kusema siku ile kwa ajili ya meno, na baadaye hakuweza kusema kwa ajili ya kutosema.

"Mama. Miaka yote hii ni jina?"

"Jina ni kitu kidogo?"

"Mimi nilidhani umenichukia."

"Nikuchukie wewe? Nimesimama Jumapili zote kwa Raizel na bakuli mkononi. Miguu imeisha."

Mtoto alikuwa analia au anacheka, kwenye simu havipishani sana. Gitel alimwacha amalize, akafuta macho yake kwa ncha ya kitambaa, kisha akarudi kwenye kazi. Akamweleza hesabu yake. Kuku yule ana jina lake, ana kitambaa chake, ana maneno yake. Kafara gani ingekuwa kamili zaidi? Malaika akija na jina, atamkuta Gitel, atamchukua Gitel, ataondoka ameridhika. Baada ya hapo kutakuwa na Gitel marehemu, na jina litakuwa huru. Watu wa kwetu watasema mtoto amepewa jina la aliyekufa. Watu wa Luna watasema amepewa jina la bibi aliye hai. Kila mtu na chake.

"Mama, yule kuku ndiye anayenilisha," Anshel akasema. "Watu wanawasha televisheni kwa ajili yake. Wenye kampuni watanifukuza."

"Na mimi nilikulisha kabla yake. Kuna wakati ulikataa kila kitu isipokuwa tambi, nikakulisha tambi."

Akasikia Anshel akipumua. Lilikuwa jambo kubwa alilomwomba na alijua. Angeweza kumwonea huruma akamwachia, na maneno hayo yalikuwa karibu kutoka, lakini Anshel akawahi kusema kwamba, hata hivyo, wiki hizi alikuwa hajui tena amfanyeje yule kuku. Amekuwa mpole mpaka hana la kusema. Na yule jogoo jirani siku nyingi anamtazama kwa namna fulani; akibaki na vifaranga watatu wa kulea peke yake, hapo kuna vichekesho vya miaka.

"Ila katuni haichorwi kwa siku moja, Mama. Tukianza leo ataonekana amekufa mwakani. Mtoto anakuja mwezi huu."

"Malaika anangoja televisheni? Mchore leo. Kwenye karatasi. Amerika itapata habari ikipata."

Kiti kikavutwa tena. Karatasi ikachakarika. Anshel akasema sawa, basi, anavuka barabara, basi la abiria linamgonga.

"Mimi siwezi kuvuka pale pasipo na taa."

"Augue, basi."

"Angeugua ungekuwa umeshasikia. Angekuwa anausema ugonjwa wake tangu mwaka wa kwanza."

"Apaliwe na chakula."

"Ili watu waseme ni upishi wake? Anshel, una akili wewe? Kitandani. Kwa amani. Nyumba imefagiliwa, vyombo vya mahindi kabatini kwake, vya minyoo kabatini kwake. Vifaranga wote wamekuja, hata yule wa mabata."

"Na bata?"

Gitel alifikiri. "Bata aje. Ila asimame karibu na mlango."

Akaisikia penseli. Alikuwa hajaisikia tangu Anshel akiwa mvulana, akichora chini ya meza hii hii wakati baba yake anasoma Torati, na Velvel akijifanya haoni. Akaketi na koti lake, akangoja.

"Atasema nini mwisho?" Anshel akauliza.

"Atasema, msinililie, mtashindwa kula. Halafu afumbe macho. Halafu afumbue moja, aone kama wanalia."

"Na kama hawalii?"

"Basi hafi mpaka walie."

Penseli ikaenda, ikasimama, ikaenda. Upande wa pili mlango ulifunguka na Luna akauliza anaongea na nani, na Anshel hakumjibu, alikuwa anachora. Mwishowe akasema, taratibu, "Tayari, Mama. Ameondoka. Wote wanalia. Hata bata."

Gitel akasema kwa sauti ya chini yale maneno ya uani kwa mchinjaji, ya badala na fidia na kafara, mpaka mwisho, mpaka kwenye maisha marefu mema na amani. Kisha akatulia akijisikiliza. Moyo ulikuwa unapiga. Goti la kulia lilikuwa linauma, la kushoto linajiandaa.

"Haya," akasema. "Mwambie mkeo jina liko wazi. Na huyo bibi yake wa karata nitakaa naye meza moja, nione anavyoiba."

"Unakuja, Mama?"

"Sasa nani atampikia mzazi? Huko kwenu kuna mchinjaji wa kuaminika? Nitataka kuku wa supu. Mnene kidogo."

"Kuku, Mama? Leo?"

"Leo yuko kwenye karatasi," Gitel akasema. "Mimi nataka wa sufuria."